Makabidhiano

Miezi mitatu nililala nyumbani Maji ya Chai
kwa ugonjwa wa ngiri, mimi mlisha ngiri.
Wenzangu walicheka hadi mlangoni pa hospitali.
Mimi nami nilicheka, nikashika tumbo, nikaacha.

Leo Nanyori ananikabidhi funguo na daftari la zamu.
Kamba ni ileile ya kiatu. Funguo zilikuwa kumi na nne;
nahesabu kumi na tatu, nahesabu tena.
"Mambo yamebadilika kidogo," anasema. "Twende."

Mondo wameondolewa kwenye vizimba vya nondo
alivyochomelea fundi Mafue mwaka ule wa mvua ya mawe.
Sasa wana uwanja, nyasi za kuwafunika masikio,
na mwamba wa kuotea jua Mlima Meru ukivua wingu.
Dume lao bado huenda hatua saba, hugeuka.
Hapana ukuta pale. Nanyori anasema, mpe muda.
Hasemi kwamba nami, na ndoo yangu,
nimezunguka kona ya banda lililovunjwa tangu Februari.

Bwawa la korongo limechimbwa upya, mfereji umezibuliwa.
Tumbili wamepewa matairi na kamba;
matairi wanayachezea, kamba wameziiba.
Kobe wamehesabiwa na daktari: ni kumi na tisa,
wala si ishirini na mmoja, tulivyoandika kwa miaka sita.
"Na wale wawili?"
"Mawe."
Nimeyapelekea mawe sukumawiki, Jumapili na sikukuu.
Moja nililipenda kwa utulivu wake.

Tunacheka. Kisha Nanyori anainama kufunga kamba
ya buti la mpira, lisilo na kamba.

Banda namba tisa.
Kibao ni kilekile, CHUI, herufi nilizopaka mwenyewe,
mguu wa I umechuruzika.
Tulimwita Bi Harusi: hatoki ndani bila kubembelezwa,
na akitoka hamtazami mtu.
Nimemletea mfupa wa paja, uko chini ya ndoo,
nimeufunika kwa jani la mgomba ili fisi wasinifuate kwa kelele.

Watoto wa shule wamejazana kwenye wavu.
"Mwalimu, chui ana miiba!"
"Siyo miiba, amejitwisha kuni."
Mwalimu anatazama kibao, anatazama nungunungu,
anatazama kibao.
"Andikeni mlichokiona," anasema.

"Lini?" nauliza.
"Wiki ya pili tangu uondoke. Usiku alikula vizuri.
Asubuhi hakubembelezeka."
"Hukunipigia."
"Mshono wako ulikuwa mbichi."
Anatia mkono mfukoni, ananipa ufunguo wa kumi na nne,
wa moto, kama umeshikwa tangu alfajiri.

Nikaomba zamu ya usiku. Hakuniuliza.

Mchana nungunungu ni kifurushi tu; usiku ana kazi.
Kwenye pembe ambako Bi Harusi alizoea kulia nyama
anafukua mifupa iliyosahauliwa, anaiguguna,
krr, krr, kama seremala anayepiga msasa mlango wa jirani.
Miaka kumi na moja kazini, sikujua wanakula mifupa.
Nazima tochi, nasikiliza.
Kisha napenyeza ule wa paja kwenye tundu la chakula.
Miiba yake yote inasimama, inalia kama njuga,
halafu, mmoja mmoja, inalala.

Daftarini, safu ya chakula, naandika: mfupa, 1.
Safu ya mnyama naandika Ch,
nakata, naandika Nu.
Kibao nitakipaka kesho,
mvua isiponyesha.